Nellie Kershaw: Alinyimwa fidia, kifo chake kikazaa sheria

NELLIE Kershaw alipofariki dunia mnamo Machi 14, 1924, katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, hakuacha mali wala cheo. Alizikwa kama wazikwavyo mafukara, katika kaburi lisilo na alama. Mwajiri wake alikuwa amekataa kumlipa alipokuwa mgonjwa, na akakataa tena kuchangia gharama za mazishi yake.

Hata hivyo, jina la mwanamke huyo aliyeishi miaka 33 pekee limehifadhiwa katika vitabu vya tiba na vya sheria hadi leo. Kifo chake ndicho cha kwanza kuelezwa katika jarida la tiba kuwa kilisababishwa na ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la asbesto. Kutokana na kifo hicho, na vingine vilivyofuata, Uingereza ilitunga kanuni za kwanza za kuwakinga wafanyakazi dhidi ya vumbi hilo na mpango wa kwanza wa kuwafidia walioathirika.

Nellie alizaliwa mwaka 1891. Wakati huo Rochdale ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, wenye mabomba marefu ya moshi na nyumba za wafanyakazi zilizobanana. Ni mji unaojulikana pia na wanaushirika wa Kenya na kwingineko duniani, kwa kuwa ndiko wafumaji na mafundi walikochanga senti zao mwaka 1844 na kuanzisha duka lililokuja kuwa mfano wa vyama vya ushirika. Watu wa Rochdale walijua mapema kwamba mnyonge asiyeshikana na wenzake hana wa kumtetea.

Kama watoto wengi wa tabaka lake, Nellie hakukaa shuleni kwa muda mrefu. Aliacha masomo mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 12, na kuajiriwa katika kiwanda cha pamba. Miezi mitano baadaye alihamia kiwanda kingine mjini humo kilichoshughulikia asbesto. Kuanzia hapo, maisha yake ya kazi yalifungamana na madini hayo.

Asbesto ni jiwe la ajabu. Likipondwa, hutoa nyuzi laini zinazoweza kuchambuliwa, kusokotwa na kufumwa kama pamba, ilhali haziungui kwa moto. Katika enzi ya mvuke, sifa hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Mabomba na matangi ya mvuke yalifungwa kwa asbesto ili yasipoteze joto. Meli, magari ya moshi, breki za magari na mapazia ya kumbi za maonyesho vyote viliihitaji. Baadaye ilichanganywa na saruji kutengenezea paa na mabomba ya maji, na hivyo ikafika katika kila bara.

Kampuni ya Turner Brothers ya Rochdale ilikuwa mstari wa mbele katika biashara hiyo. Ilianza kufuma asbesto kwa mitambo mwaka 1879, na kufikia mwaka 1920 ilikuwa imeungana na kampuni nyingine kuunda shirika la Turner & Newall, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa zaidi ya asbesto duniani. Sehemu ya malighafi yake ilitoka Afrika, hasa katika migodi ya nchi inayoitwa Zimbabwe leo.

Nellie alijiunga na Turner Brothers Desemba 31, 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi ghafi za asbesto ziwe uzi. Ilikuwa kazi iliyofahamika kwa vumbi. Nyuzi zilipochanwa na kuvutwa na mashine, chembechembe ndogo zilipaa hewani, zikatua kwenye nywele, nguo na sakafu. Zile ndogo zaidi, zisizoonekana kwa macho, ziliingia puani na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Mwili wa binadamu hauwezi kuziyeyusha chembechembe hizo. Zikishanasa katika mapafu, husababisha makovu yanayoendelea kuenea hata baada ya mtu kuacha kazi. Mapafu yaliyo laini kama sifongo hugeuka magumu, na hewa haipiti ipasavyo. Mgonjwa huanza kwa kukohoa na kuhema akipanda ngazi. Mwishowe hata kutembea ndani ya nyumba huwa shida. Hakuna dawa ya kuyaondoa makovu hayo.

Nellie alikuwa ameolewa na Frank Kershaw, mwanamume aliyefanya kazi ya kibarua, na walijaliwa binti mmoja. Nyumba ya aina hiyo haikuweza kumudu kupoteza mshahara hata mmoja. Kwa hivyo, dalili za ugonjwa zilipoanza kumwandama mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 29, hakuacha kazi. Aliendelea kuingia kiwandani kwa takriban miaka miwili zaidi, akivuta vumbi lile lile lililokuwa likimmaliza.

Julai 22, 1922, nguvu zilimwishia. Daktari wa mtaa, Walter Scott Joss, alimpima na kuthibitisha kwamba hawezi tena kufanya kazi. Joss alikuwa daktari wa wafanyakazi na hali hiyo haikuwa ngeni kwake. Katika cheti alichomwandikia Nellie, alitaja chanzo cha maradhi bila kuficha: alikuwa amedhurika kwa sumu ya asbesto.

Cheti hicho kilisema kweli, lakini ukweli huo ndio uliomfungia Nellie riziki.

Wakati huo mfanyakazi wa Uingereza aliyeugua alikuwa na njia mbili za kupata msaada. Njia ya kwanza ilitokana na Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911. Chini ya sheria hiyo, wafanyakazi walikatwa fedha kidogo kila wiki, na walipougua walilipwa posho kupitia vyama vilivyoidhinishwa na serikali. Hata hivyo, posho hiyo haikukusudiwa kwa mtu aliyeumizwa na kazi yake, kwa kuwa huyo alitarajiwa kulipwa na mwajiri.

Njia ya pili ilikuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1906. Hii ilimtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyejeruhiwa kazini, na kwa mara ya kwanza ilihusisha pia magonjwa yatokanayo na kazi. Tatizo ni kwamba ilihusisha tu magonjwa yaliyotajwa katika orodha yake. Orodha ya awali ilikuwa na magonjwa sita: kimeta, safura, na madhara ya sumu ya risasi, zebaki, fosforasi na aseniki. Iliongezwa baadaye, lakini ugonjwa wa asbesto haukuwamo.

Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Chama cha bima kilisoma cheti cha daktari na kuona kwamba ugonjwa umetokana na kazi, hivyo mzigo ni wa mwajiri. Mwajiri naye alitazama orodha ya sheria na kuona kwamba ugonjwa huo haumo, hivyo hadaiwi kitu. Kila mmoja alimwelekeza kwa mwenzake. Laiti daktari angeandika kikohozi cha kawaida, pengine Nellie angalipata posho yake ndogo ya kila wiki.

Baada ya wiki tisa za kukaa nyumbani bila kupokea hata senti moja, Nellie aliiandikia kampuni mwenyewe. Aliwauliza wakubwa wake watafanya nini kuhusu hali yake. Aliwaeleza kwamba bima imekataa kumlipa, kwamba anahitaji chakula cha kumpa nguvu, na kwamba anakosa mshahara wake bila ya kosa lolote lake. Haikuwa barua ya kuomba sadaka. Alidai alichoamini kuwa ni haki yake baada ya kuutumia ujana wake wote katika vumbi.

Wakubwa wa kampuni hawakulainika. Katika mawasiliano yao kuhusu suala hilo, walikana kabisa kuwapo kwa ugonjwa uitwao sumu ya asbesto. Walishikilia kwamba asbesto haina sumu na kwamba hakuna maelezo yoyote ya kitaalamu kuhusu maradhi ya namna hiyo. Hofu yao kuu ilikuwa kwamba wakimlipa mmoja, watakuwa wamefungua mlango kwa wengine. Kwa hivyo waliamua asilipwe chochote.

Dai kwamba hakuna aliyejua madhara ya vumbi hilo lilikuwa na walakini. Mwaka 1898, wakaguzi wanawake wa viwanda wa serikali ya Uingereza, akiwemo Lucy Deane, walikuwa tayari wameripoti kwamba vumbi la asbesto lina chembe kali na linadhuru afya. Mnamo 1906, Dkt Montague Murray wa hospitali ya Charing Cross, London, alifika mbele ya kamati ya serikali iliyokuwa ikichunguza ni magonjwa gani yaongezwe katika orodha ya fidia. Aliieleza kamati kuhusu mfanyakazi wa asbesto aliyefariki mwaka 1900 akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yakiwa yamejaa makovu.

Mfanyakazi huyo alikuwa amemwambia daktari kwamba watu kumi walifanya kazi pamoja naye katika chumba chake, na kwamba wote wamekwisha kufa isipokuwa yeye. Kamati ilimsikiliza Murray, lakini haikuiongeza asbesto katika orodha. Kama ingeiongeza, Nellie angalikuwa na sheria ya kuegemea alipougua miaka 16 baadaye.

Isitoshe, ng'ambo ya bahari, wenye biashara ya bima walikuwa wameshapiga hesabu zao. Ripoti iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 1918 ilieleza kwamba kampuni za bima ya maisha nchini humo na Kanada zilikuwa zikikataa kuwauzia bima wafanyakazi wa asbesto, kwa kuhofia hali ya kazi yao. Waliouza bima walijua hatari ambayo waajiri walidai haipo.

Nellie aliishi karibu miezi 20 baada ya kuacha kazi. Alikufa bila kulipwa. Mumewe alipoiomba kampuni isaidie gharama za mazishi, ombi hilo nalo lilikataliwa kwa sababu ile ile: kuchangia kungekuwa sawa na kukiri jukumu, na wengine wangefuata mfano huo. Waswahili husema Mgala muue na haki yake mpe. Mwanamke huyu hakupewa haki yake hata baada ya kufa.

Lakini kifo chake hakingeweza kufukiwa kimyakimya. Kwa kuwa cheti cha daktari kilihusisha ugonjwa na kazi, sheria ilidai uchunguzi rasmi ufanywe mbele ya umma ili kubaini alichokufia. Kampuni ilituma wakili kulinda maslahi yake. Uchunguzi huo uliahirishwa ili mapafu ya marehemu yapelekwe kwa mtaalamu.

Mtaalamu huyo alikuwa Dkt William Edmund Cooke, mwanapatholojia aliyehudumu katika hospitali ya mji jirani wa Wigan. Cooke aliyatazama mapafu hayo kwa hadubini. Alikuta alama za kifua kikuu cha zamani, jambo ambalo lingemtosha mtu asiyetaka kuchimba zaidi. Yeye alichimba. Aliona makovu mengi mno ambayo kifua kikuu pekee hakingeweza kuyaeleza, na ndani ya makovu hayo akaona vipande vya madini vyenye ncha kali. Alivilinganisha na sampuli za vumbi la asbesto, akaona vinafanana.

Cooke alitoa ushahidi kwamba vipande hivyo vilitokana na asbesto, na kwamba ndivyo vilivyosababisha makovu na hatimaye kifo, bila ya shaka ya kuridhisha. Mnamo Aprili 1924 ilithibitishwa rasmi kuwa Nellie alikufa kwa sababu ya makovu ya mapafu yaliyotokana na kuvuta chembe za madini. Jambo ambalo kampuni ilisema halipo sasa lilikuwa limeandikwa katika kumbukumbu za dola.

Julai mwaka huo huo, Cooke alichapisha matokeo yake katika jarida la British Medical Journal. Mwaka 1927 alirejea suala hilo katika makala nyingine, na safari hii akaupa ugonjwa jina ambalo madaktari hulitumia hadi leo: asbestosi.

Kuupa ugonjwa jina ni jambo dogo kwa asiyeumwa. Kwa mgonjwa anayedai fidia, ni jambo kubwa mno. Ugonjwa usio na jina hauwezi kuandikwa katika orodha ya sheria, na usipoandikwa hauna malipo. Nellie aliitwa mgonjwa wa kitu kisichokuwapo. Waliomfuata waliweza kuonyesha kitu chenye jina, maelezo na picha za hadubini.

Kwa miaka michache serikali haikuchukua hatua kubwa. Mambo yalibadilika mwaka 1928, pale mgonjwa mwingine mwenye makovu ya asbesto alipogunduliwa mjini Glasgow, safari hii bila ya dalili za kifua kikuu za kutatiza ushahidi. Serikali ilimteua Dkt Edward Merewether, mkaguzi wa afya viwandani, afanye utafiti. Alishirikiana na Charles Price, mhandisi aliyeshughulikia njia za kupunguza vumbi.

Merewether aliwapima wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto. Zaidi ya robo yao walikuwa na makovu ya mapafu. Miongoni mwa waliokuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka 20 au zaidi, walioathirika walikuwa wanne kati ya kila watano. Ripoti ya wawili hao ilitolewa mwaka 1930 na haikuacha nafasi ya kukana.

Mwaka uliofuata, 1931, zilitungwa kanuni maalumu za viwanda vya asbesto, zilizoanza kutekelezwa mwaka 1932. Waajiri walitakiwa kuweka mitambo ya kufyonza vumbi kwenye mashine. Sambamba na kanuni hizo, asbestosi iliingizwa katika mpango wa fidia. Wafanyakazi walipimwa na jopo la madaktari, na waliobainika kuugua walistahiki malipo kutoka kwa waajiri. Nellie alikuwa amekufa miaka saba kabla.

Mpango huo ulikuwa na kasoro nyingi. Ulihusu tu kazi fulani za ndani ya viwanda, zile zilizohesabiwa kuwa na vumbi zaidi. Mafundi waliofunga asbesto kwenye mabomba ya meli, waliojenga kwa mbao zake na waliobomoa majengo yake waliachwa nje, ingawa walivuta vumbi lile lile. Mfanyakazi aliyekuwa nje ya orodha alikuwa pale pale alipokuwa Nellie mwaka 1922.

Mwaka 1948 jukumu la kulipa walioumia kazini lilichukuliwa na serikali ya Uingereza kupitia bima ya taifa ya majeraha ya kazi. Kadiri miaka ilivyosonga, ilidhihirika kwamba asbesto ilikuwa na madhara makubwa zaidi ya yale aliyoyaona Cooke. Mwaka 1955, mtafiti Richard Doll alionyesha kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha asbesto waliofanya kazi ya vumbi kwa miaka mingi walikumbwa zaidi na saratani ya mapafu. Wafanyakazi aliowachunguza walikuwa wa kiwanda cha Rochdale, alikofanya kazi Nellie.

Mwaka 1960, madaktari nchini Afrika Kusini waliripoti wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Karibu wote walihusishwa na asbesto ya migodi ya eneo la Cape. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakazi tu waliokulia karibu na migodi. Saratani hiyo huweza kujificha mwilini kwa miaka 30 au 40 kabla ya kujitokeza, na ikijitokeza huua upesi.

Kuchelewa huko ndiko kunakofanya fidia ya asbesto iwe ngumu. Mgonjwa anapogundua anachougua, huenda kampuni iliyomwajiri imefungwa, bima yake haijulikani ilipo, na wenzake waliokuwa mashahidi wamefariki. Ndiyo maana Uingereza ililazimika kutunga sheria baada ya sheria. Ile ya mwaka 1979 iliwawezesha kulipwa na serikali wale ambao waajiri wao hawapo tena. Mwaka 2008 waliongezwa wagonjwa wa mesotelioma ambao hawakuajiriwa katika kazi ya asbesto, wakiwemo wake waliovuta vumbi walipokuwa wakifua nguo za waume zao. Mwaka 2014 kampuni za bima zilitakiwa kuchangia mfuko wa kuwalipa wagonjwa wa mesotelioma ambao mwajiri wao au bima yake haipatikani.

Waafrika nao walidai haki yao. Takriban watu 7,500 kutoka Afrika Kusini waliishtaki kampuni ya Cape mjini London, na mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba wana haki ya kusikizwa huko. Makubaliano ya malipo yalifikiwa mwaka 2003. Baadhi ya walalamishi walikuwa wamefariki kabla ya kuona pesa hizo.

Lile shirika la Turner & Newall lilinunuliwa na kampuni ya Marekani ya Federal-Mogul mwaka 1998. Mnamo Oktoba 2001, wamiliki hao wapya waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai kwa sababu ya uzito wa madai ya asbesto. Kile ambacho wakubwa wa Rochdale walikiogopa mwaka 1922, kwamba kumlipa mmoja kutawaleta wengine, kilitimia hata bila ya wao kumlipa. Wengine walikuja kwa sababu walikuwa wagonjwa kweli.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya kila aina mwaka 1999. Nchini Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliitambua asbesto kuwa miongoni mwa taka hatari, ingawa paa zake zimesalia katika majengo mengi ya zamani. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 nayo inahusisha magonjwa yatokanayo na kazi. Fundi anayepanda juu ya paa kuukuu kulibomoa anahitaji kujua mambo hayo mawili: kwamba vumbi la paa hilo linaua polepole, na kwamba cheti cha daktari chenye maelezo kamili ya kazi yake kinaweza kuwa msingi wa dai la familia yake miaka mingi baadaye.

Mjini Rochdale, jiwe la kumbukumbu lilizinduliwa mwaka 2006 kwa heshima ya Nellie Kershaw na waathiriwa wengine wa asbesto. Zilikuwa zimepita miaka 82 tangu azikwe. Familia yake haikupata kamwe zile wiki tisa za mshahara alizozidai katika barua yake.